Ayubu Wawili Chini ya Mlima Hanang

Wiki ya kwanza ya Desemba 2023 tulikaa matanga upande wa Maisaka, hapa Babati mjini. Marehemu alikuwa kijana aliyepanga chumba Katesh akiuza nafaka, na mwili wake ulipatikana siku ya pili baada ya mlima kumeguka. Turubai la bluu lilifungwa kwenye mwembe na nguzo mbili za mkaratusi. Wanaume nje waliota moto, maana mvua ilikuwa haijakatika. Wanawake ndani walijaa juu ya mikeka. Karibu na mlango palikuwa na meza yenye daftari la rambirambi, na kalamu yake imefungwa uzi ili isiondoke na mtu. Kila aliyeingia alivua viatu, akainama, akampa mama mfiwa mkono, akasema: pole mama, kazi ya Mungu haina makosa. Mama akaitikia kwa kichwa. Jioni akaingia katekista wetu, mzee anayeheshimika mtaa mzima, akasema maneno yale yale. Safari hii mama alifungua kinywa. Alisema, bila kupandisha sauti: "Shikamoo, mwalimu. Mimi sijasema amekosea. Nimemuuliza tu."

Mzee akaitika marahaba, akakaa chini. Kwa muda mrefu ilisikika mvua tu juu ya turubai.

Jibu la mama yule ndilo lililonisukuma kuandika. Nataka kuliweka kando ya majibu ya watu wengine, wa karibu na wa mbali, wa dini yetu na wa dini nyingine, waliopigwa na msiba wakaendelea kumtumainia Mungu. Sina mizani ya kupima nani aliamini zaidi, wala siitafuti. Ninachotafuta ni kujua kila mapokeo yanampa mwenye uchungu nafasi gani: anaruhusiwa kusema nini, amwambie nani, na kwa siku ngapi.

Kwanza habari zenyewe. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilikatika. Hanang ni volkano iliyolala, yenye urefu wa mita 3,417, na siku za anga jeupe kilele chake huonekana kutoka mbali sana. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata njia za vijito, vikapita Gendabi na Jorodom, vikaingia Katesh mjini watu wengine wakiwa bado kitandani. Waliokufa walizidi 80. Wengi walidhani mlima umelipuka, lakini wataalamu wa miamba walieleza kuwa haukulipuka: mwamba uliochakaa ulishiba maji, ukashindwa kujishikilia. Majeruhi wengine waliletwa hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Babati, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza safari yake.

Siku hiyo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Mapadre walivaa zambarau, mshumaa wa kwanza ukawashwa. Somo la kwanza katika makanisa ya Kikatoliki lilitoka Isaya, sura ya 63 na ya 64. Ni pale nabii anapomsihi Mungu apasue mbingu na kushuka, hata milima itikisike mbele yake. Nililisikia somo hilo nikiwa nimekaa benchi la nyuma, simu yangu ikitetemeka mfukoni, na nikaona utovu wa adabu kuitoa. Nje ya kanisa ndipo nilipozisoma taarifa za Katesh.

Hakuna aliyelichagua somo kwa ajili ya mlima. Kalenda ya masomo ilipangwa miongo mingi iliyopita, na asubuhi ile lilisomwa Manila kama lilivyosomwa Lima. Sipendi kulifanya ishara. Lakini nilipolirudia nyumbani niliona jambo ambalo miaka yote lilikuwa linanipita. Somo lile ni lalamiko. Nabii anamuuliza Mungu kwa nini amewaacha watu wake watange mbali na njia, na kumlalamikia kuwa amewaficha uso wake. Zaburi inayofuata, ya 80, nayo ni kilio cha taifa zima. Yaani swali la mama wa Maisaka lilisomwa kwa sauti mimbarini, mbele ya waamini wote, asubuhi ile ile aliyofiwa. Kilichoruhusiwa mimbarini kilikuja kuonekana kigeni mkekani.

Tuvuke sasa bahari, turudi nyuma miaka 268. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon nchini Ureno ulipigwa na tetemeko la ardhi yapata saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa wamejaa makanisani. Mawimbi ya bahari yakafuata, kisha moto, ambao kwa sehemu ulianzia kwenye mishumaa ya sikukuu yenyewe. Makumi ya maelfu walikufa. Kama Hanang, ardhi ilivunjika siku takatifu, saa ya ibada. Kufanana kunaishia hapo karibu, kwa sababu kilichofuata Ulaya kilikuwa mjadala mkubwa wa wenye kalamu. Voltaire aliandika shairi mwaka 1756, kisha kitabu chake *Candide* mwaka 1759, akiwashambulia wanafalsafa waliofundisha kuwa ulimwengu huu ndio bora kuliko yote ambayo ingewezekana kuwapo. Rousseau alimjibu kwa barua kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Lawama, kwa maoni yake, ilikuwa pia ya wajenzi. Mjesuiti Gabriel Malagrida alichapisha waraka akisema tetemeko ni adhabu ya dhambi, na akawalaumu waliohangaika kujenga vibanda badala ya kutubu. Serikali ikamwondoa mjini, na mwaka 1761 akauawa kwa hukumu ya Baraza la Inkwizisheni.

Mabishano yale yalizaa mengi mema, na nayaheshimu. Sayansi ya matetemeko ilipata msukumo, na mji ukajengwa upya kwa nyumba zilizokusudiwa kustahimili mtikisiko. Hata swali la Rousseau linatuhusu: Katesh nako watu waliulizana juu ya nyumba zilizojengwa kwenye mikondo ya maji, na juu ya miti iliyokatwa mlimani. Walakini ni swali lililoulizwa kwa nafsi ya tatu. Wasomi wa Ulaya walijadiliana *juu ya* Mungu: je, ni mwema, je, ana uwezo, je, anahusika? Mama wa Maisaka hakuwa na mjadala na mtu yeyote. Alimuuliza Mungu mwenyewe, ana kwa ana. Kuuliza habari za mtu na kumuuliza mtu ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na kila Mswahili anayajua kwa maisha ya kila siku: yule unayemsema kwa majirani umeanza kumwacha, yule unayemfuata kwake na kumwambia "mbona umenifanyia hivi?" bado ni ndugu yako.

Tofauti hiyo ya nafsi ya pili na ya tatu ndiyo iliyonifungua macho nilipomsikiliza jirani yetu mmoja, mzee wa Kirangi mwenye duka, Mwislamu, aliyekaa nasi motoni siku zote tatu. Babati iko katika njia kuu ya kutoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, na Warangi, Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig na wengine wengi wanazikana hapa bila kuulizana dini. Usiku wa pili mazungumzo yalifika kwa Ayubu. Mzee alieleza habari za mke wa Ayubu aliyemhudumia mumewe mgonjwa, akauza hata nywele zake ili apate mkate. Katekista alisikiliza kwa mshangao. Katika Ayubu anayemfahamu yeye, mke anatokea mara moja tu, anamwambia mumewe amlaani Mungu afe, kisha anapotea.

Basi tuna Ayubu wawili, na Waswahili wanawajua wote wawili. Wa kwanza ni wa Biblia. Kitabu chake kina sura 42. Katika mbili za mwanzo ni mvumilivu kama tunavyomtaja makanisani, lakini kuanzia ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na kwa sura nyingi anamshitaki Mungu, anamtaka aje wakabiliane kama watu wawili barazani. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari wanamtetea Mungu kwa hoja nzuri, zilizopangwa vizuri. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na kusema kuwa aliyenena sawasawa ni Ayubu. Ni mwisho wa ajabu. Sijui mahubiri mengi ya mazishi yanayoufikia.

Ayubu wa pili ni wa Qurani na wa mapokeo ya pwani, yule wa utenzi wa Kiswahili ambao Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huyu ni bingwa wa subira. Katika Qurani anamtajia Mola wake kwamba madhara yamemgusa, na kwamba Yeye ni mwingi wa rehema kuliko wote, basi. Hata ombi lenyewe halitamki. Anaamriwa apige ardhi kwa mguu, maji yanabubujika, anaoga na kunywa, anapona. Wa Biblia anamimina maneno, na kwake wingi wa maneno ni namna ya kutokuachilia. Wa Qurani anayabana, na kwake uchache wa maneno ni namna ya kumpa Mungu nafasi yote. Adabu mbili, na kila moja ina uzuri wake kamili.

Mkristo angekosea, hata hivyo, akidhani kwamba Uislamu unawanyima watu kilio. Yakubu wa Surat Yusuf anamlilia mwanawe mpaka macho yanaingia weupe, na wanawe wanapomlaumu anajibu kuwa huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. Mtume Muhammad mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Mzee wa Kirangi alilifafanua kwa maneno mepesi: kumshitakia Mungu ni ibada, kumshitaki Mungu kwa watu ndiko kubaya. Hapo nikaona mstari ule ule. Nafsi ya pili inaruhusiwa, nafsi ya tatu inatiliwa shaka. Na Mkristo anayetaka ushahidi wa nyumbani kwake asitafute mbali na msalaba, ambapo Yesu, kwa maneno ya Zaburi ya 22, alimuuliza Baba kwa nini amemwacha. Alimuuliza yeye. Hakumsema kwa askari waliosimama pale chini.

Kabla ya Biblia na Qurani kufika chini ya milima ya Kwaraa na Hanang, watu wa hapa walikuwa na namna zao za kusimama mbele ya Mungu. Wairaqw wanamtaja Looaa, mwenye sura ya mama, mwema, mtoa mvua. Wanazitaja pia netlangw, roho za chini zikaazo kwenye chemchemi na mito, ambazo ni za kuchunga. Na wana sala yao iitwayo slufay: mzee husimama mwisho wa kikao na kunena kwa mfululizo, akiomba amani, watoto, ng'ombe na mvua ya kiasi, akifukuza maradhi na uadui viende mbali, na waliokaa huitikia kwa sauti moja kila baada ya fungu. Bila itikio slufay haipo. Sala ya mtu mmoja peke yake chumbani, ambayo Mkristo anaipenda na ina agizo lake katika Injili, ni kitu kingine kabisa. Nguvu ya slufay iko katika koo nyingi kwa pamoja.

Siku ya kuvunja tanga, katekista alipomaliza sala, mzee wa ukoo aliomba nafasi. Alisimama na fimbo yake, shuka begani, akaanza kwa Kiiraqw. Sikuelewa kila neno, lakini nilijua anapotaja mlima na anapotaja maji, maana itikio lilizidi. Na nilimsikia mama mfiwa. Mama ambaye kwa siku tatu, isipokuwa mara ile moja, aliwajibu watu kwa kichwa, aliitikia kwa sauti ya kifua, fungu baada ya fungu. Sitaki kudai kuwa alifarijika, hakusema hivyo. Nasema tu kwamba pale alipewa zamu ya sauti.

Nisiyapambe mapokeo haya kupita kiasi. Wairaqw hao hao walikuwa na metimani, desturi ya kuitenga nyumba iliyopatwa na misiba fulani. Wenye nyumba hawakutembelea majirani wala kukaribishwa, kwa miezi, wakati mwingine zaidi, mpaka muda utimie na wasafishwe. Kwa macho ya leo ni ukatili kumwacha mfiwa peke yake, na ndiyo sababu moja iliyofanya makanisa kuipinga na wengi kuiacha. Kukaa matanga kwa wingi, nyumba ikajaa mpaka uani, ni kinyume chake kabisa. Ila metimani ilikuwa na jambo ambalo matanga yetu hayana: ilikubali kuwa msiba una urefu. Haikumtaka mtu awe mzima Jumatatu kwa sababu alizika Ijumaa.

Urefu huo unatajwa na wengi. Wadatoga, ambao Hanang ni mlima wao mtukufu, humfanyia mzee mashuhuri bung'eed: kaburi linalopandishwa hatua kwa hatua kuwa kichuguu kirefu, kwa ibada inayochukua miezi mingi. Wanawake wao wana maombi yao wenyewe, wakikusanyika na kumwimbia Aseeta, Mungu wao, wakati wa ukame au maradhi, na uchungu wa mama unakuwa na uzito wa kuitisha kikao. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi. Wayahudi hukaa siku saba chini nyumbani, na sheria yao ina kipengele kimoja ambacho nakiona cha hekima kuliko vyote nilivyovitaja: mfariji haruhusiwi kufungua kinywa kabla mfiwa hajasema. Wameitoa kwa Ayubu. Wale rafiki watatu, kabla ya kuanza hoja zao, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Makosa yao yote yalianza walipoanza kueleza. Sisi Wakristo wa mjini tuna siku tatu, kisha turubai linarudishwa kwa mwenyewe.

Yako mateso ya namna nyingine, ambayo sitayakalia sana kwa kuwa swali lake ni tofauti. Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, wengi wao kwa moto wa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977 enzi za Idi Amin. Nchini Kenya, ndugu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia bunduki ya serikali ya kikoloni, na baadhi yao wakauawa. Kwa hawa, kumtumainia Mungu kulimaanisha kutokubadilika mbele ya mtu mwenye upanga. Adui ana jina, na kwa hiyo anaweza kusamehewa. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia Uganda mwaka ule wa 1977, aliandika kitabu kizima kueleza kwa nini anampenda Amin. Mlima hauwezi kusamehewa. Haukukusudia. Mfiwa wa Katesh hana mtu wa kumwelekea isipokuwa Mungu, na kwa sababu hiyo swali lake ni kali kuliko la shahidi wa imani.

Walio karibu naye zaidi ni watu wa Goma. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wao, ikateketeza pamoja na vingine kanisa kuu la Kikatoliki. Mei 2021 volkano ikarudi. Watu walirejea mwamba ukiwa bado una joto, wakajenga juu yake, na mawe meusi ya lava yale yale ndiyo waliyojengea kuta. Kiswahili chao na chetu kinatofautiana, lakini neno *kutegemea* ni moja. Anayeegemea ukuta anautwisha uzito wake wote. Hauegemei kwa kuusifia.

Nirudi kwenye neno lenyewe, kazi ya Mungu haina makosa, kwa kuwa nimelikosoa na sijalitendea haki. Lina kazi kubwa mkoani kwetu. Kifo cha ghafla, hasa cha kijana, huamsha minong'ono: nani alimwendea, nani alimwonea kijicho, shamba lile lilikuwa na ugomvi gani. Watu wamewahi kukosana kwa vizazi, na mabibi vikongwe wamewahi kuumizwa, kwa sababu ya minong'ono hiyo. Anayeingia msibani na kutangaza kuwa kazi hii ni ya Mungu anafunga mlango huo. Anasema: hatumtafuti mtu. Kwa amani ya mtaa, neno hili ni ukuta imara, na wazee waliotufundisha kulisema walijua wanachofanya. Udhaifu wake ni kwamba limeelekezwa kwa mtaa, na sisi tunamkabidhi mama mfiwa kana kwamba ni dawa yake.

Vivyo hivyo na nyimbo zetu. Mazishini tunapenda wimbo wa Horatio Spafford juu ya amani ya rohoni, uliomo katika vitabu vyetu vya tenzi. Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Tarehe 22 Novemba 1873 meli Ville du Havre ilizama Atlantiki na binti zake wanne, mkewe akaokoka peke yake. Yeye akapanda meli nyingine kumfuata mkewe, akapita kwenye bahari ile ile iliyowameza wanawe, na wimbo ukatoka katika safari hiyo. Ulichapishwa mwaka 1876, na mtunzi wa tuni, Philip Bliss, akaipa tuni jina la meli iliyozama. Baadaye, alipofiwa na mwana mwingine mwaka 1880, Spafford alikataa kabisa fundisho kuwa misiba ni adhabu, akaachana na kanisa lake, na mwaka 1881 akahamia Yerusalemu. Ule wimbo ni wa mtu aliyekwisha kukaa majini siku nyingi na huzuni yake. Sisi tunamdai mama auimbe nasi kaburini, udongo ukiwa bado mbichi.

Nikiwaweka wote hawa pamoja, nabii wa Majilio, Ayubu wote wawili, Yakubu, mzee wa slufay, wanawake wa Aseeta, rafiki waliokaa kimya siku saba, naona wanatofautiana karibu katika kila jambo: majina ya Mungu, idadi ya siku, wingi wa maneno. Hakuna hata mmoja kati yao, hata hivyo, anayehesabu swali la mfiwa kuwa upungufu wa imani, mradi analipeleka kwa mwenyewe. Upungufu huo tumeubuni sisi, kwa nia njema na kwa haraka. Mama wa Maisaka hakuwa ameyumba. Kati yetu sote tuliokuwa chini ya turubai lile, yeye ndiye aliyekuwa anasali.

Ombi langu kwa msomaji, hasa msomaji Mkristo anayekwenda msibani wiki hii, ni dogo. Vua viatu, mpe mkono, kaa. Lile neno la wazee waambie walioko nje, pale motoni, ambako minong'ono huanzia. Hapo lina kazi. Ndani, kaa kimya mpaka mfiwa aseme. Akimuuliza Mungu, usimjibie. Na kama wewe ndiye msimamizi wa ibada, fungua Isaya 63 au Zaburi 80, umsomee swali lake kwa sauti, ajue kuwa kanisa linalijua.

Katekista wetu amelipokea. Masomo yale huzunguka kwa miaka mitatu, na ameshaweka alama ya penseli katika kalenda yake: zamu ya kwanza ya somo lile tangu maporomoko ni Jumapili ya tarehe 29 Novemba 2026. Amemwomba mama yule alisome yeye, na mama amekubali.